Skafu ya Jogoo Mtaani kwa Mbweha

Ezio alijua wamekwama pale walipozikuta ngazi. Mkewe, Norma, tangu utotoni alikuwa akizishuka huku mdomo unaenda, ikawa hajawahi kuzihesabu kuwa ngazi. Kwake zilikuwa njia ya kanisani tu. Leo, kitako kwenye kiti cha magurudumu, alizitazama kama ndugu aliyemfungia mlango.

"Hakuna njia nyingine?" Ezio akauliza.

"Ipo. Ya kwa Mbweha."

Ezio ni mtu wa Turin, lakini alikuwa mkwe wa mji huu wa Siena muda wa kutosha kuelewa. Ilikuwa siku ya mbio za farasi baina ya mitaa ya mji. Kukatiza mtaa wa Mbweha na skafu ya mahasimu wao Jogoo, mtaa wa kina Norma, shingoni, siku kama hiyo, ni kumpelekea mtu matusi hadi sebuleni kwake.

"Basi ivue, mke wangu. Tukishapita utaivaa."

"Niivue? Nimebatizwa nayo hii! Farasi wetu akishaingia kanisani kubarikiwa, mlango unafungwa. Tangu niugue sijamwona hata mmoja. Sukuma, Ezio."

Akasukuma. Kiti kilirukaruka juu ya mawe, na walipokata kona wakawakuta Mbweha wote nje, meza katikati ya njia, mvinyo mezani, wimbo juu. Wimbo ukakatika. Vijana wakasimama.

Kisha likaja baya zaidi: wakawapisha. Meza ikavutwa pembeni. "Mpisheni mama mgonjwa," bwana mmoja mnene akasema, kwa sauti ya msibani.

Ezio aliiona shingo ya mkewe ikiiva kwa hasira. "Norma, nakuomba..."

"Hujambo, Bibi!" Norma akapaza sauti.

Siena nzima inajua: mtaa uliokaa muda mrefu kuliko yote bila kushinda huitwa Bibi, na hakuna jina linalochoma kama hilo. Kijana mmoja akaruka mbele, akashika mikono ya kiti.

"Rudia."

"Bi-bi. Au na masikio yamezeeka?"

Ezio akakunja ngumi ambazo hakuwahi kuzitumia popote. Hapo mama mmoja, nywele kazitia rangi ya karoti, akasukuma kiti chake nyuma akainuka.

"Namjua huyu! Norma, binti wa muuza mkaa. Mwaka tulioshinda alinimwagia ndoo ya maji kutoka dirishani kwao."

"Na ulikuwa unanuka, Dirce!"

Dirce akaitazama miguu ya Norma. Kisha skafu. Akawageukia wenzake, mikono kiunoni. "Nanyi mnampisha? Tangu lini Jogoo akapishwa hapa? Mtoeni nje!"

Wanaume wanne wakakinyanyua kiti mpaka mabegani, wakashika mteremko huku wakizomea. "Kuku wa supu!" "Farasi wenu anachechemea!"

"Wenu anasubiri pensheni!" Norma akajibu huko juu.

Ezio alikimbia nyuma na mkoba wa mkewe, macho kwenye zile nyayo zinazoteleza. Mmoja akijikwaa tu, basi.

Hawakujikwaa. Ila mpakani mwa mitaa, mbele ya kanisa la Jogoo, watu wa Jogoo walimwona mtu wao yuko hewani mikononi mwa adui. Makoti yakavuliwa. Wakaja mbio, na Ezio akajua sasa damu itamwagika.

"Msiwaguse!" Norma akapiga ukelele. "Wananifukuza!"

Wakasimama. Kufukuzwa, hilo walilielewa. Ni haki ya kila mtu wa Jogoo. Mbweha wakamshusha taratibu juu ya mawe. Kijana yule yule akainama akafunga breki ya kiti, akatema mate pembeni. "Na usirudi!"

Kwato za farasi zilikuwa tayari zinasikika. Wakaingia, mlango ukafungwa mgongoni mwa Ezio. Ndani hakuna anayekohoa, farasi asije akashtuka. Mnyama akapita, akasita, akanusa magoti ya Norma. Mabega ya Norma yakatikisika.

Ezio akainama. "Unalia?"

"Umesikia?" akanong'ona, macho kwa farasi. "Wameniita kuku wa supu. Kama zamani."