Fungu la Mbwa

Puma, wale paka wakubwa wa porini, walikuwa wanatumalizia kondoo. Majirani walishafunga nyumba zao na kuhamia mjini, tukabaki mimi na mume wangu Anselmo, mbishi kuliko punda, kwenye upepo huu wa Chubut, kusini mwa Argentina. Binti yetu Nélida alishasema: mwaka huu mkishindwa tena, uzeni mje mkae kwangu. Nikakae kwa mkwe, niombe chumvi? Bora nife.

Ndipo msichana mmoja, mshauri wa mifugo, akatuletea Duque, mtoto wa mbwa mweupe wa kulinda kondoo. Alale zizini na kondoo, alisema, ajione ni mwenzao. Ale chakula cha gunia cha watoto wa mbwa wakubwa, ashibe, maana mifupa yake inakua haraka.

"Na nyama mbichi ya kondoo asiionje kabisa," msichana akaongeza.

"Biskuti za gunia?" Anselmo akacheka. "Huyu ni mbwa au mtoto wa gavana?"

"Funga domo, mzee. Tutafuata anavyosema."

Duque akakua kwelikweli. Kondoo wakamzoea, wakawa wanamwegemea wakilala. Majira yote ya baridi puma hakutusogelea, nami nikaanza kupumua.

Sasa, huku kwetu anayechinja kondoo lazima amrushie mbwa mapafu yangali ya moto. Ukimnyima wewe ni mchoyo, na utasemwa mpaka kanisani. Kumbe kila tulipochinja, mzee wangu alikuwa anampa Duque fungu lake nyuma ya banda!

Kondoo walipoanza kuzaa nilimkuta Duque katikati yao, mdomo mwekundu, anatafuna mwana-kondoo. Akanitikisia mkia. Kondoo jike alikuwa pembeni analia. Nikamwita mzee wangu.

"Ulimlisha nini, Anselmo?"

"Alikuwa ananitazama, Rufina. Ningemnyimaje?"

Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Tukamfunga Duque mnyororo, puma akarudi. Tukamfungua, akala mwana-kondoo mwingine.

Asubuhi iliyofuata Anselmo alichukua bunduki, akampigia mluzi kutoka nyuma ya banda. Duque akamkimbilia kwa furaha, akidhani anaitiwa mapafu.

Anselmo aliporudi peke yake alisimama jikoni, kofia mkononi.

"Mpigie Nélida," akasema.

"Mpigie mwenyewe," nikamjibu, nikaingia chumbani, nikainama kuvuta sanduku la nguo chini ya kitanda.