Ulisikia Nini Mwisho?

Wagonjwa walipozinduka niliwauliza wote swali moja: ulisikia nini mwisho?

Hakuna aliyenituma kuuliza. Nilitaka tu kujua. Mama mmoja aliyetolewa mawe ya nyongo aliniambia alisikia mtu akikoroga chai, na chumba cha upasuaji hakina hata kikombe. Kijana aliyevunjika mguu alisikia mwalimu wake wa darasa la tatu akimwita jina. Mwingine alinitazama kwa mashaka. "Sijasikia kitu, sista. Si hata hamjaanza?" Na bendeji ilikuwa tayari tumboni.

Majibu hayo niliyabeba hadi chumbani kwangu, nikajilaza nikiyageuzageuza. Mtu akipewa dawa ya usingizi huwa anakwenda wapi? Na kwa nini sikio ndilo huchelewa kuondoka?

Maswali kama hayo ndiyo yaliyonitoa wodini Bungoma na kunileta Kitale. Nilikuwa nimepata nafasi ya masomo ya uzamili ya uuguzi wa nusukaputi, kuanzia Septemba. Ila chuo kilitaka kwanza nikae mwezi mmoja na mtu anayeifanya kazi hiyo, kisha yeye awaambie kama ninafaa. Mimi nilipewa Sista Avneet. Alizaliwa papa hapa Kitale, ghorofani juu ya duka la vyuma la baba yake, na Kiswahili kilimtoka kwa wepesi kuliko mimi.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu yangu. Siku ya kwanza nilimwinamia mgonjwa nikamwambia, "Usiogope, mama. Sasa utarara."

Jerono, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani. "Ati utarara! Watu wa Bungoma bana, hiyo L mliiacha wapi?"

Hakuwa na ubaya. Mchana wa siku hiyo hiyo alinigawia mursik, maziwa ya mgando aliyotoka nayo kwao. Lakini tangu hapo nikawa naongea chinichini, tena nikiyakwepa maneno yenye herufi hiyo. Katika Kiswahili hayo hayakwepeki.

"Nasambu," Sista Avneet aliniambia Jumatano ya wiki ya nne tukikusanya vifaa, "mikono yako ni mizuri. Na unaona mambo. Lakini sauti yako siisikii. Mgonjwa akishalala, ni wewe umebaki kumsemea. Daktari ameshika kisu, anauliza aendelee ama asiendelee. Wewe utamnong'onezea?"

"Hapana, sista."

"Umesema?"

"Hapana, sista!"

"Chuo nitawapigia Ijumaa. Sitawadanganya, na wewe pia sitakudanganya."

Ijumaa asubuhi akaletwa Mzee Walubengo. Kwao ni Sirisia, huko kwetu Bungoma, ila usiku huo alikuwa amelala mtaa wa Tuwan, hapa mjini, kwa binti yake Pauline, ili asichelewe. Alikuwa na ngiri, uvimbe kinenani, kazi isiyo kubwa.

"Ati nina ngiri," alimwambia Jerono akipandishwa kitandani. "Mimi hata huko Mlima Elgon sijawahi kuona ngiri. Hii imeingiaje kwa suruari yangu?"

Jerono akacheka, kisha akamuuliza maswali ya kila siku. Meno ya bandia? Hana. Pumu? Hana. "Na umekula, mzee?"

"Sijakura, mama. Tangu jana jioni. Njaa inaniuma."

Sista Avneet naye hakutosheka na jibu alilopewa mwenzake. Swali hilo huliuliza mwenyewe kila mara, maana tumbo likiwa na kitu, dawa ikishamlegeza mtu, kile kitu kinaweza kupanda kooni na kumwingia mapafuni. Mtu huweza kufa kwa staftahi yake.

"Mzee, leo hujakula chakula chochote?"

"Chakura? Ningekitoa wapi? Si nyinyi mliambia Pauline asinipikie?"

Sista aliridhika. Akaanza kuvuta ile dawa nyeupe kwenye bomba la sindano. Mimi nilikuwa kichwani pa mzee, nimemshikia barakoa ya oksijeni, na nilikuwa nikiliwaza neno lake. Asinipikie.

Nilimkumbuka baba yangu. Hurudi kutoka harusini ameshiba chapati na nyama, akamwambia mama, "Leo sijakula." Mama habishani naye. Huinuka akainjika maji ya ugali. Kwetu Wabukusu, kula ni ugali. Vingine vyote ni vya kushikilia tumbo. Na kupika ni kupika ugali.

Basi Pauline hakupika. Lakini mtoto wa Kibukusu, baba yake amelala kwake, anaweza kumwacha atoke mlangoni asubuhi mdomo mkavu? Asipompikia, alimpa nini?

"Sista," nikasema.

Hakusikia. Daktari mpasuaji alikuwa ameingia, mikono iliyooshwa ameiinua kifuani. "Tuko tayari?"

"Tayari," Sista Avneet akajibu. Bomba la sindano likagusa mrija wa mkononi mwa mzee.

"Sista, ngoja!"

Sauti ilinitoka hadi Jerono akaangusha bakuli la chuma. Wote wakanigeukia.

"Kuna nini?"

"Nataka kumuuliza swari."

Nililisikia kosa langu likizunguka chumba kizima. Hakuna aliyecheka. Sista Avneet aliuondoa mkono kwenye mrija.

Nikamvua mzee barakoa. "Kuka," nikamwita, kama tunavyowaita babu zetu nyumbani. "Asubuhi, kabla hamjatoka Tuwan, Pauline alikupa nini cha kushikilia tumbo?"

Uso wake ukachangamka, kana kwamba hatimaye amepata mtu wa kuongea naye.

"Aa, hicho! Chai tu, mwanangu. Chai ya maziwa na viazi vitamu. Viwiri. Vitatu, lakini virikuwa vidogo. Na njugu kidogo ya njiani. Lakini chakura, hapana! Ugari sijauona tangu jana."

Sista Avneet akakiweka chini kile alichoshika, polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Viazi vitatu!" daktari akafoka. "Si ameulizwa mara mbili?"

"Ameulizwa," alisema Sista Avneet, "na amejibu ukweli mara mbili. Kesho, daktari. Leo simlazi."

"Kesho?" Mzee Walubengo alijiinua kwa kiwiko. "Kwa hivyo leo naweza kura?"

Jioni nilimpigia Pauline simu, nikamtajia kimoja kimoja: chai, uji, viazi, ndizi, njugu, hata kuonja. Akauliza, "Hata chai? Sasa atatoka kwangu hivyo hivyo tu? Watu wa Sirisia watasema nini?" Nikamwambia aseme nimemkataza mimi. Kuhusu chuo, Sista Avneet hakuniambia neno, nami niliogopa kumuuliza.

Jumamosi mzee alirudi, mdomo mkavu kweli safari hii, akilalamika. Sista Avneet akanisogezea kigoda cha kichwani pa kitanda.

"Wewe ndiye utamwambia. Chuo nimewaomba wasubiri mpaka leo. Nataka nisikie kitu kwanza."

Nilimwona Jerono akiniangalia juu ya barakoa. Ningeweza kusema "usingizi utakuja", maneno salama, niliyokuwa nikiyatumia wiki zote hizo. Lakini mzee alikuwa ameniganda mkono, na macho yake hayakuwa na mzaha tena.

"Kuka," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "sasa utarara. Mimi niko hapa."

"Haya," akasema, na dawa ikaingia.

Kazi ilikwisha salama. Nilikaa karibu naye wodini mpaka kope zikaanza kucheza.

"Kuka, ulisikia nini mwisho?"

Alilamba midomo, akatafuta sauti. "Wewe. Uriniambia nirare, kama mtu wa nyumbani. Nikaona basi, wacha nirare." Akafumba macho, akayafungua tena. "Mama, huku kuna ugari?"

Sista Avneet alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, simu sikioni.

"Ndiyo," aliwaambia wa upande wa pili, akinitazama. "Anasikika."