Kisanduku cha Nne

Kitabu cha Baiolojia cha darasa letu kilikuwa kimoja, na aliyekikata ni Mwalimu Orkuma mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho kabla walimu wa jimbo zima hawajaanza kugoma. Aliweka mezani wembe, shazia na uzi wa kushonea magunia, akatuambia tusogee. Kitabu kilikuwa kinene kama tofali. Kilianza na ukungu wa mkate kikaishia kwenye ubongo wa mtu. Sisi tulikuwa thelathini na watatu.

"Mkuu akiniona nimekwisha," alisema. "Lakini nikikifungia kabatini, mchwa watafaulu na ninyi mtafeli."

Alikivunja mgongo, akakata pale ambapo kiwanda kilikuwa kimepitisha uzi, wala hakujali kama somo linaishia hapo au haliishii. Vikatoka vipande kumi na kimoja. Kila kipande alikishonea jalada la mfuko wa saruji, akakiandika namba. Kipande kimoja kwa watu watatu, kwa wiki moja, na kila Ijumaa tukutane uwanjani tubadilishane. Mtihani wa mwisho ulikuwa Mei. Mgomo haukuwa na tarehe.

Wiki mbili hazikupita, watu wakapoteza majina yao, wakaitwa kwa vipande vyao. "Figo! Mama yako anakutafuta sokoni!" "Majani hajaja leo, amenyauka." Terhile alipewa Utumbo Mpana, akanuna siku mbili, ya tatu akawa anaitika. Mimi, Mimidoo, niliangukia kipande cha tisa, Urithi. Ikawa nikipita tu: "Bibi Urithi, leo umetuachia nini?"

Nilicheka kwa sababu wenzangu walikuwa wakicheka. Oktoba tulikuwa tumemzika mdogo wangu Terngu. Alikuwa na miaka saba, na ugonjwa wa damu wa selimundu. Siku ile nilisubiri nilie, nikaendelea kusubiri, kisha shule zikafunguliwa. Mama naye hakulia baada ya mazishi. Aliendelea tu kumenya viazi vikuu vya watu watano. Fungu la mtu wa tano lilibaki chunguni, asubuhi tukalikaanga tukala.

Jioni moja ya Januari nilikuwa nimekaa mlangoni na kipande changu, kwenye ukurasa wake wa mwisho. Ulikuwa na mchoro wa mraba uliogawanywa visanduku vinne. Juu baba, AS. Ubavuni mama, AS. Ndani ya visanduku, watoto. Mama alipita na beseni la ufuta, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hizi si herufi za kadi ya Terngu?"

"Ndizo."

Aliweka beseni chini. Mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini herufi hizo alizijua. Alizibeba miaka saba kwenye mfuko wa nailoni, kutoka zahanati mpaka hospitali.

"Kumbe kitabu kinatujua," alisema.

Alichuchumaa. Alinuka ufuta na jasho. Akaniuliza mimi ni nani humo, nikamwonyesha: AS. Nguveren, dada yangu anayenifuata? AS, kisanduku cha pili. Akaweka kidole mwenyewe kwenye SS, hakuuliza. Kidole kikakaa hapo, kisha kikahamia pembeni.

"Hiki hakina mtu."

"Hicho ni AA. Mzima kabisa, hana hata chembe ya ugonjwa."

"Cha nani?"

"Cha mtoto wa nne."

Nililijibu kama swali la darasani, haraka, kabla mwingine hajanyoosha mkono. Chini ya mchoro palikuwa na mstari mmoja: *Kati ya watoto wanne, mmoja atakuwa AA, wawili AS, mmoja SS.* Nilimsomea kwa Kiingereza, kisha nikamgeuzia kwa Kitivi, lugha yetu ya nyumbani. Ukurasa ukaishia hapo, na kipande kikaishia hapo.

"Kitabu kimesema hivyo?"

"Ndivyo kilivyochora, mama."

Alichukua beseni lake, akaingia ndani.

Machi Mama aliacha kula samaki mkavu, kisha akaacha kabisa kukaa karibu na moshi. Baba alirudi kutoka Lagos na lori lake la viazi, akaambiwa kuna mimba, akatoka nje akasimama uani peke yake. Aliporudi ndani alikuwa anacheka.

"Profesa!" aliniita. "Mimi nimelipa karo miaka kumi na miwili nikidhani naitupa mtoni. Kumbe!"

Tangu siku hiyo mtoto alikuwa na jina. Waliita tumbo lile AA. "AA amelala?" "AA hataki pilipili." Nguveren alitunga wimbo wa kutwangia viazi, kiitikio chake AA. Usiku wa kuamkia Jumapili nilimsikia Mama akiimba kiitikio hicho. Sauti yake sikuwa nimeisikia ikiimba tangu Oktoba. Nilijua ni jambo la kufurahia, nikajigeuza ukutani.

Kipande cha kumi kilitakiwa kunifikia wiki ileile ya kwanza baada ya cha tisa. Lakini Orseer, aliyekuwa nacho, aliitwa kijijini kwao kulima matuta, akaenda nacho, na huko akakaa. Tulikiruka tukasoma vingine. Alirudi Aprili, mgomo bado, na kipande kimelowa mafuta ya mawese pembe moja.

"Ulikuwa unakisoma au unakipikia?" Terhile alimuuliza.

"Wewe Utumbo Mpana nyamaza, hili ni suala la mdomo."

Nilikichukua nikaenda kukaa kwenye ngazi za maabara. Ukurasa wa kwanza ulianzia juu kabisa, bila kichwa cha habari: *Hata hivyo, huu ni wastani tu unaopatikana kwa kuhesabu familia nyingi. Kila mimba huanza upya, na watoto waliotangulia hawabadilishi chochote. Wazazi waliokwisha kupata mtoto mgonjwa wana uwezekano uleule wa kupata mwingine: mmoja kwa nne.*

Niliusoma mara tatu. Nilisubiri kitu kifike kifuani, lakini hakikufika. Niliona tu kwamba kucha zangu zimejaa vumbi la chaki.

"Orseer, hapa umepasoma?"

Aliinamia. "Aa, hiyo. Rahisi hiyo, alama mbili za bure. Ni kama kurusha kete. Kete haina kumbukumbu."

"Ulipasoma lini?"

"Januari. Kwani vipi?"

"Hapana kitu."

Nilikaa na kipande hicho wiki mbili. Nilisoma hadi mwisho wake. Usiku nililala vizuri, jambo ambalo mpaka leo sijui nilielezeje. Asubuhi nilimchotea Mama maji ili asiinue ndoo. Kila nilipomtazama nilihesabu: miezi mitatu sasa. Kumwambia hakungetoa kilichokuwa tumboni, na kutomwambia hakungekibadilisha. Hivyo ndivyo nilivyojieleza.

Jumamosi akaja Mama Kpadoo, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kpadoo, wa miaka minne, naye ni SS. Alikuja amejipaka poda shingoni kama mtu anayekwenda harusini. Mama alikuwa jikoni kando ya dirisha, mbali na moshi, anamenya viazi, mimi nakoleza moto.

"Mama Mimidoo, umenenepa kwa raha, shoga! Hebu nipe huyo binti yako kidogo, namtaka kwa shughuli."

"Mchukue, lakini umrudishe. Huyo sasa ni mali ya serikali."

Wakacheka. Mama Kpadoo akavuta kigoda karibu nami.

"Mwanangu, mama yako amenisimulia habari za visanduku. Nimekaa nimepiga hesabu usiku kucha. Ninyi mgonjwa wenu alikuja wa tatu. Mimi wangu kaja wa kwanza. Nimeshaanza na kibaya, si ndiyo? Kwa hiyo vitatu vyangu vilivyobaki vyote ni vizima."

Nikasukuma ukuni ndani ya moto.

"Nimeweka kijiti cha kuzuia mimba mkononi miaka mitatu kwa woga. Mama mkwe ananiita ghala lililofungwa, na mume wangu anaanza kusikiliza. Jumatatu nakwenda kukitoa. Nataka tu unisomee nisikie kwa masikio yangu, nikamwambie yule bibi kwamba ni kitabu kimesema, si mimi."

"Msomee," Mama alisema, bila kuinua kichwa. Kisu chake kilikuwa kinakwenda vizuri, ganda linashuka refu bila kukatika. Alikuwa na fahari nami, nililiona hilo begani mwake.

Niliingia ndani nikachukua kipande cha kumi. Nilirudi, nikasimama. Nikasoma kwa Kiingereza mistari yote mitatu, polepole.

"Hayo ya wazungu nimeyasikia," Mama Kpadoo alisema. "Sasa niletee ya watu."

Nikamgeuzia. Nilimwambia kwamba kitabu hakihesabu waliotangulia. Kwamba vile visanduku si watoto wake waliopangwa foleni. Kwamba kila akibeba mimba, vyote vinne vinakuwa wazi tena, na SS ni kimojawapo.

"Kila mimba?"

"Kila mimba."

"Hata kama mmoja ameshakuja?"

"Hata kama wamekuja watatu."

Mama Kpadoo alishika mkono wake wa kushoto, pale kijiti kilipokuwa chini ya ngozi. Kisha nikamwona akitazama tumbo la Mama, na papo hapo akayaondoa macho, akayapeleka kwenye moto.

"Basi," alisema. "Basi na kikae. Ahsante, mwanangu." Aliinuka. Mlangoni akatazama nyuma, akaondoka.

Kisu cha Mama kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Soma tena."

Nikasoma tena, kwa Kitivi tu.

"Hayo umeyajua lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Yalikuwa kwenye kipande kinachofuata. Orseer alikwenda nacho shambani."

"Wiki mbili."

"Ndiyo, mama."

"Ungeninyamazia mpaka lini?"

"Sijui."

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige, kama mtu aliyelalia mkono hadi ukafa ganzi anavyotamani uanze kuchoma. Hakunipiga. Alimaliza kumenya kile kiazi, akakikata, akakitia kwenye maji. Akachukua kingine, akakiangalia, akakirudisha kwenye kapu.

"Vipande ni vingapi kwa jumla?"

"Kumi na kimoja."

"Unaweza kuvipata vyote?"

"Kimoja kimoja. Kila Ijumaa."

"Utavileta. Utanisomea kila mstari, na vya majani, na vya chura, vyote. Usinichagulie."

"Mtihani ni mwezi ujao, mama."

"Si ndiyo utakuwa unasoma?"

Jioni ile nilianza na hicho cha kumi kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Baada ya urithi yanafuata mageuko ya viumbe, na baada yake mbegu na jinsi zinavyosambazwa na upepo. Mama alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooka, mikono juu ya tumbo. Nilipofika kwenye mbegu za pamba alifumba macho, nikadhani amelala, nikanyamaza.

"Nakusikia," alisema.

Nikaendelea.