Mtumiaji Aliyepo Atatolewa

Jumatatu saa nne na robo asubuhi, karani wa dirisha la tatu katika ofisi ya usajili wa viwanja alikuwa akipuliza chai yake wakati fundi wa kompyuta alipoingia kwenye mashine yake kwa mbali. Karani akatoka kitini. Hakuinuka, hakusukuma kiti nyuma, wala hakupita mlangoni. Alikuwepo, kisha hakuwepo, na chai ikabaki ikifuka mvuke karibu na mihuri mitano iliyompa jina lake la ofisini, Mama Mihuri.

Watu wa foleni walisonya. Mmoja alisema ndivyo walivyo hawa, zamu yako ikifika tu wanakwenda kunywa chai. Mwenzake akamwonyesha kikombe pale mezani na kusema basi huyu atakuwa amekwenda chooni.

Fundi hakuyaona hayo. Alikuwa stoo, mwisho wa korido, katikati ya maboksi ya wino na nyaya zilizofungwa kwa mipira, akitafuta kwa nini printa ya dirisha la tatu inatoa kurasa tupu. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kwanza unauliza kama waya umechomekwa. Pili unazima na kuwasha. Tatu unauliza tena kama waya umechomekwa, maana mara ya kwanza watu hudanganya. Ndipo unaingia mwenyewe, kwa jina na neno la siri la mwenye mashine, ukajionee. Siku hiyo dakika sita zilimtosha. Alipojitoa, Mama Mihuri akarudi kitini, viatu vimelowa chapachapa.

Alimfuata stoo akiacha alama za maji koridoni.

"Fundi, siku nyingine ukitaka kunitoa, uwe unabisha hodi."

"Nimekutoa nikakupeleka wapi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Kuna ziwa, kuna gati la mbao, na mlima mweupe kileleni. Kivuli hakuna hata cha dawa."

Fundi aliijua picha hiyo. Ndiyo iliyotokea kwenye skrini za ofisi nzima zikijifunga, na yeye ndiye aliyeiweka, kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Akafungua mwongozo. Mwongozo ulisema kwamba mashine hupokea mtu mmoja tu kwa jina moja, na kwamba mtu akiingia kwa mbali, mtumiaji aliyepo atatolewa. Haukusema atatolewa mpaka wapi. Fundi akaomba radhi, na tangu siku hiyo akawa anapiga simu kwanza. Mama Mihuri alikuwa akifunika chai yake kwa kisahani, akivaa kandambili, kisha akisema, "Haya, ingia."

Mambo yalianza kwenda mrama alipoanza kutolewa bila simu. Ilikuwa siku za Jumanne, mara robo saa, mara nusu saa nzima.

"Leo umeniacha juani mpaka nimeungua, mwanangu," alimlalamikia.

"Leo sijakugusa, mama. Asubuhi yote nilikuwa juu ya ngazi nafunga waya."

Wakatazamana. Kwenye daftari la mahudhurio msimamizi alikuwa ameshaandika "hayupo kitini" mara tatu, na barua ya onyo ilikuwa njiani. Nyumbani nako hakukukalika. Mumewe, mwalimu wa jiografia, aliukuta mchanga kwenye mkoba wa mkewe, akaumwaga juu ya gazeti, akauchunguza kwa lenzi ya shule.

"Huu ni mchanga wa ziwani," alisema. "Ziwa la karibu ni mwendo wa kutwa kwa basi."

"Mimi naenda na kurudi chai haijapoa."

"Unaenda na nani?"

"Peke yangu."

"Mtu haendi ziwani peke yake siku ya kazi," alisema Mwalimu. Aliufunga mchanga kwenye kikaratasi, akakiandika tarehe, na kuanzia hapo akawa anakula ameelekea ukutani.

Wiki iliyofuata alikuja nesi mstaafu na faili lake la kijani. Kiwanja chake, ambacho ua wake aliupanda yeye mwenyewe mche kwa mche, kilikuwa kimehamishiwa kwenye jina la kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Aliweka karatasi dirishani na kugusa mstari wa mwisho kwa kidole.

"Hili ni jina lako?"

"Ni langu," alisema Mama Mihuri.

"Mimi ndiye niliyekushika mkono ulipomzaa mtoto wako wa kwanza. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Basi niambie kwa mdomo wako, kwa nini?"

Mama Mihuri alisoma saa ya idhini. Jumanne, saa nne na robo. Saa hiyo alikuwa gatini, ametia miguu majini, akitazama mlima. Alimweleza hivyo na nesi akamwamini, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi wodini miaka thelathini ameshasikia makubwa kuliko ziwa. Lakini Mkurugenzi wa ofisi aliandika barua fupi. Ama karani hakuwepo kazini, ama alikuwepo na aliidhinisha, achague mwenyewe mbele ya kamati ya nidhamu siku ya Ijumaa. Kwa vyovyote unga wake ulikuwa unamwagika, na kiwanja cha nesi kilikuwa kinakwenda nao. Nesi alianza kuja kila siku. Alikaa kwenye benchi mkabala na dirisha, faili magotini, akimtazama tu.

Fundi machale yakamcheza. Alianza na alichokuwa na uhakika nacho, yaani waya, akakuta umechomekwa. Akambadilishia Mama Mihuri neno la siri na kumwambia asimpe mtu. Jumanne akatolewa tena.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu! Nimeliandika tu kwenye daftari la dharura, kama kawaida."

Daftari la dharura lilikuwa wazo la fundi mwenyewe. Miaka miwili nyuma, alipochoshwa na watu wanaosahau maneno yao ya siri kila Jumatatu, aliagiza daftari la shule la kurasa tisini na sita, kila mtumishi aandike neno lake humo na kusaini. Ili kutoa mfano, la kwake aliliandika mstari wa kwanza. Daftari lilihifadhiwa kwenye droo ya Mkurugenzi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na ufunguo.

Na Mkurugenzi, kwa ajili ya mgongo wake, Jumanne alifanyia kazi nyumbani. Fundi ndiye aliyemwekea njia. Alimfungulia mlango kwenye ruta, akamwonyesha pa kuandika jina la mashine, akamfundisha hata kufungua mashine mbili kwa pamoja. Mkurugenzi hakuwahi kuuliza chochote kuhusu kompyuta, lakini siku ile aliuliza maswali matatu mfululizo. Fundi alifurahi kuulizwa. Sasa alikumbuka furaha ile akaona aibu.

Aliifunga ile njia. Baada ya dakika kumi Mkurugenzi alipiga simu kusema intaneti imekufa, irudishwe mara moja. Akairudisha. Kisha akafungua rekodi za mashine ya dirisha la tatu, ambazo huandika kila anayeingia na saa aliyoingia, na ambazo hakuna anayezisoma mpaka kiharibike kitu. Jumanne zote nne zilikuwepo. Anwani iliyoingia ilikuwa ya laptopu ya Mkurugenzi. Akachapa kurasa mbili, na Ijumaa mchana akampelekea Mkurugenzi mwenyewe.

Mkurugenzi alizisoma mpaka mwisho, akilowesha kidole kwa ulimi.

"Jina lililoingia hapa ni la nani?"

"La Mama Mihuri, Bosi. Lakini anwani ni ya kwako."

"Anwani si hubadilika? Wewe mwenyewe uliniambia ruta inazigawa kila siku, kama namba za foleni."

Fundi alikuwa amemwambia hivyo kweli, tena kwa mfano huohuo wa foleni.

"Anwani hubadilika, Bosi. Jina la laptopu halibadiliki. Kwenye hizi karatasi halionekani, ila kwenye rekodi nzima lipo."

"Vizuri sana," alisema Mkurugenzi, na kweli alionekana kufurahi. "Ilete rekodi nzima kwenye kamati, saa nane. Karatasi mtu yeyote anaweza kuchapa. Kuinakili kutakuchukua muda gani?"

"Kama dakika kumi."

"Haya, kazi njema."

Akiwa mlangoni, fundi alisikia ufunguo ukizungushwa kwenye droo. Hakugeuka. Alijiambia ni sauti ya droo tu, akaharakisha kwenda stoo, akachomeka flashi, akaanza kunakili. Mstari wa kijani unaoonyesha kiasi kilichonakiliwa ulipofika nusu, jua likampiga utosini.

Gati lilikuwa refu kuliko linavyoonekana pichani, na mbao zake zilihitaji misumari. Mama Mihuri alikuwa ameketi mwishoni, miguu majini.

"Na wewe?" aliuliza.

"Na mimi."

Akamsogezea nafasi. "Vua viatu, utaviharibu."

Fundi akavua. Maji yalikuwa baridi, na mlima ulikuwa mweupe vilevile. Akaketi vibaya, suruali ikalowa mpaka magotini.

"Saa hii Mkurugenzi anafanya nini?"

"Anafuta."

"Kwa jina la nani?"

"Langu, mama."

Mama Mihuri alitikisa miguu majini kwa muda. "Si unatuambia tubadilishe paswedi kila mwezi? Yako umeibadilisha lini?"

"Sijawahi."

"Wewe?"

"Mimi," alisema fundi.

Walirudi baada ya dakika kumi na mbili. Flashi ilikuwa tupu. Rekodi za dirisha la tatu zilianza upya siku hiyo, na mstari wake wa kwanza ulisema kwamba rekodi zote za nyuma zimefutwa na fundi wa kompyuta.

Kamati ilikaa saa nane kamili. Habari ya ziwa haikubishaniwa. Suruali ya fundi, iliyokuwa bado inadondosha maji kwenye zulia, iliingizwa kwenye kumbukumbu za kikao, na mjumbe mmoja aliuliza kama ziwa lina samaki. Wakaazimia kwamba mtumishi anayetolewa kitini na mfumo awe anajaza fomu ya ruhusa kabla ya kutolewa. Fundi alipewa onyo kali kwa kufuta rekodi. Mama Mihuri alisimamishwa kazi mpaka uchunguzi utakapokamilika, na tarehe ya kukamilika haikutajwa. Nesi aliambiwa suala lake linashughulikiwa.

"Niifunge akaunti ya Mama Mihuri?" aliuliza fundi. Mtu akiondoka, akaunti yake hufungwa siku hiyohiyo. Hilo liko ukurasa wa pili wa mwongozo.

"Uchunguzi haujaisha," alisema Mkurugenzi. "Iache wazi. Na mashine yake isizimwe."

Fundi alibadilisha neno lake la siri jioni ileile. Ijumaa iliyofuata daftari lilipitishwa, akaandika humo neno lake jipya, akasaini. Ndivyo utaratibu ulivyotaka.

Dirisha la tatu lilivutwa pazia. Mama Mihuri akawa anatolewa kutokea nyumbani. Jumanne ya kwanza alikuwa akikoroga mchuzi mbele ya mumewe, aliyekuwa likizo, na mwiko ukaanguka peke yake. Mwalimu aliuokota, akauosha, akapunguza moto, akasubiri. Mkewe aliporudi na mchanga miguuni, alimpa taulo na kumwomba msamaha, na machozi yakamtoka mtu mzima. Tangu hapo, kila Jumanne kabla ya saa nne, alimwekea mkewe kofia kichwani na kigoda mkononi. Alichokiamini hakikumrudishia mkewe kazi, lakini angalau alikula ameelekea mezani.

Mwezi mmoja baadaye nesi aligonga mlango wa stoo. Kwenye kiwanja chake ua ulikuwa umeng'olewa na matofali ya kampuni yameshushwa. Alikaa juu ya boksi la wino, faili magotini.

"Nimesoma kwenye ubao wa matangazo habari za huko mnakopelekwa," alisema. "Pana nafasi?"

"Nafasi ipo, mama. Ziwa, mlima, gati. Hakuna hata nyumba moja."

"Pana mwenyewe?"

Fundi alitaka kumjibu kwamba pale ni pichani tu. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akafungua sajili ya viwanja, akaandika maelezo ya mahali kama alivyopaona kwa macho yake, akabonyeza kutafuta. Mashine ilifikiri kidogo. Akasoma, akasoma tena.

"Pana mwenyewe, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne iliyopita, saa nne na robo."

Akamgeuzia skrini. Nesi alivaa miwani, akasoma jina la kampuni, lilelile lililochukua kiwanja chake. Akasoma na mstari wa idhini, uliokuwa na jina la Mama Mihuri. Kisha alitoa kalamu na kunakili namba ya kiwanja juu ya jalada la faili la kijani, kwa mwandiko wa wodini, tarakimu moja moja.

"Fomu ya pingamizi inachukuliwa wapi?"

"Dirisha la tatu, mama."

Nesi alimshukuru. Akaenda kukaa kwenye benchi lake mkabala na pazia, na kutoka nyuma ya pazia ile kompyuta ilisikika ikivuma.