Tiki ya Kijani

Ofisini walimwita Chapuchapu, kwa kuwa hakuweza kuvumilia programu inayojivuta. Siku ya kuchagua itifaki, yaani namna skrini za wauguzi zitakavyozungumza na hifadhidata ya hospitali, alisimama mbele ya wenzake akipunga kalamu kama kocha.

"Tufungue mfereji mmoja wa mawasiliano, ubaki wazi muda wote," alisema. "Muuguzi akibonyeza tu, tiki ya kijani hiyo! Hakuna kusubiri."

Babu alikuna kidevu. Hakuwa na mvi hata moja. Jina alilipata kwa kupenda kompyuta za enzi zilizopita. "Mimi nasema ombi kwa jibu. Skrini itume, ingoje seva iseme nimepata, ndipo tiki itokee. Seva ikikaa kimya, skrini itume tena."

"Babu, huo mwendo wa kobe."

"Kobe hufika, mama."

Wakacheka. Wakaujaribu mfereji palepale, seva, kompyuta iliyobeba hifadhidata, ikiwa chumba cha pili, na programu ikaruka kama panzi. Chapuchapu akashinda. Hakuna aliyesema twendeni tukaijaribu wodini, kwenye kuta nene zinazomeza mtandao.

Sasa programu ilikuwa ikitumika wodini, na Chapuchapu alikuwa jikoni kwa dada yake, chai imempoa mkononi. Dada, muuguzi wa wodi ya upasuaji, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa akipiga pasi sare ambayo huenda kesho angevuliwa.

Dada alikuwa amemchoma mgonjwa sindano ya maumivu, akabonyeza skrini, akamaliza zamu. Muuguzi aliyempokea zamu hakuona kitu kwenye skrini, akamchoma tena. Mgonjwa alilala usingizi wa kutisha, hata wakahofia hataamka. Aliamka, Mungu alisaidia. Lakini kesho Dada angehojiwa kwa nini hakuandika.

"Unajua, mdogo wangu," Dada alisema bila kuinua macho, "labda kweli nilisahau."

Chapuchapu akaweka kikombe mezani.

"Tiki niliiona. Naapa niliiona. Lakini nikiambiwa mara kumi kwamba sikuandika, naanza kujiuliza. Pengine ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Pengine nimechoka, nazeeka."

"Hujazeeka."

"Basi nini? Wewe mwenyewe uliniambia mashine haisahau."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Tangu mchana alijua. Alikuwa amepitia kumbukumbu za seva na kuona mfereji ulivyokatika saa ileile, huku skrini ikitoa tiki yenyewe bila kungoja jibu. Tangu mchana alikuwa akijiambia atazungumza na mkuu wake kwanza, kwamba ni kazi yake ya kwanza, kwamba Dada ni mtu wa watu na watamsamehe.

Akainuka, akachomoa waya wa mtandao ukutani. Akafungua programu kwenye kompyuta yake, akaisogeza mezani.

"Bonyeza hapo, Dada."

"Nina pasi ya moto, wewe!"

"Tafadhali."

Dada akasimamisha pasi, akabonyeza. Tiki ikatokea, kijani kibichi.

"Haya, imeandika."

"Haijaandika. Mtandao nimeuzima. Hakuna kilichotoka humu." Akaunyanyua ule waya. "Mimi ndiye niliyechagua iwe hivi. Babu alitukanya, nikamcheka."

Dada aliitazama tiki. Kisha akamtazama yeye, na yeye akatamani ardhi ipasuke.

"Na ulikuwa umekaa hapo," Dada alisema polepole, "unakunywa chai yangu, unanisikiliza nikisema nimezeeka."

"Nisamehe."

"Bado." Akaichukua tena pasi. "Kesho tunaondoka pamoja. Hiyo kompyuta uje nayo. Utawaonyesha kama ulivyonionyesha, na ukifika pale pa kutaja aliyechagua, usikohoe."

Chapuchapu akampigia Babu simu. Ilipopokelewa, hakujua aanzie wapi.

"Niko hapa, mama," Babu alisema. "Nakusikia. Sema."