Ufa wa Nyumba ya Ndia Kuu

Mvua za mwishoni mwa mwaka 1997 zilipoanza, ukuta wa ghorofani kwa Mwalimu Chengo, mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa, ulikuwa na ufa wa kuingia kidole. Wiki ya tatu, ufa ule uliingia ngumi.

Nyumba ilikuwa ya mkewe, Mejumaa, aliyeirithi kwa nyanyake. Fundi Kavumbi alipoitwa kuitazama, aligonga boriti mara moja tu, akarudi nyuma.

“Mwalimu, hameni. Hata leo.”

Chengo alisomesha historia, na kwa miaka mingi alishikilia jambo moja: kwamba jana, leo na kesho zote zipo, hakuna iliyokwisha wala ambayo haijaja, sisi ndio tunaopita.

“Kama ukuta utaanguka,” alimwambia mkewe, “siku ya kuanguka iko tayari. Kuhama hakutaifuta.”

“Na kama kuhama kwangu nako kuko tayari?” Mejumaa akamuuliza.

Chengo akacheka. Mejumaa hakucheka. Alifunga nguo zake, akamshika mkono mamake mzazi, waliyekuwa wakiishi naye, wakaenda mtaa wa Kizingo kwa dadake.

Siku nne Chengo alikaa peke yake. Chokaa ilimwagikia chai yake. Mlango wa chumbani ukakataa kufungika, na ndani ya ukuta mkasikika kitu kikisagika polepole. Mara mbili alifika barazani na mkoba mkononi. Mara zote mbili aliona haya kuyakana maneno yake, akapanda tena.

Alhamisi, baada tu ya adhuhuri, ukuta ulimshukia. Majirani walichimba kwa mikono mpaka magharibi, kwanza wakimsikia akiita, kisha wasimsikie tena. Walimtoa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika, madaktari wakaukata.

Hospitalini alilazwa wiki nzima. Siku ya nane akamvuta Mejumaa karibu.

“Uliyaamini yale niliyokuwa nikisema?”

“Sikuyaamini.”

“Basi usiyaamini kamwe. Maana yakiwa kweli, hata yaliyopita hayakupita. Saa zile zote bado zipo, Mejumaa, na mimi nimo ndani yake. Niko chini ya mawe, naita.”

“Yamekwisha, mume wangu. Uko hapa. Si mkono wangu huu?”

Chengo aliitikia kwa kichwa, akaushika mkono ule kwa nguvu mpaka ukamuuma mkewe. Lakini macho yake yalikuwa juu, kwenye dari.