Saa Iliyosema Mama Yuko Sawa

Ile saa nilimnunulia mama mimi mwenyewe, mtaa wa Majengo, kwa muuzaji aliyetandaza vitu vyake juu ya turubai. Ilikuwa ya bei ya chini kabisa. "Inapima hata roho," aliniambia, yaani mapigo ya moyo, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nafanya usafi katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, na wakubwa wa pale wote wanazo saa za aina hiyo.

Mama, Mukagasana, alikuwa na presha. Tangu siku hiyo hakwenda tena kupimwa kituo cha afya. Alibonyeza kioo tu. Wanawake wa kikundi chake cha maombi walipanga foleni sebuleni nao wapimwe, na saa haikumwonyesha hata mmoja kuwa mgonjwa. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua, lakini mimi nilikuwa najivuna tu, mjinga mkubwa.

Jumanne asubuhi, baba akinywa chai pembeni, mama aliniambia, "Charline, kifua inanikaza. Na huu mukono."

Nilikuwa nimechelewa kazini. Nikabonyeza saa mkononi mwake, ikaandika 74.

"Septante-quatre, mama. Roho yako iko bien. Ni kuchoka tu, lala kidogo."

"Kama inasema vile," akajibu, akaenda kulala.

Saa saba mchana jirani alinipigia simu. Nilipofika, muuguzi alikuwa ameshathibitisha kifo na kuondoka. Pasta alisimama na shuka mkononi, lakini baba, mzee Nizeyimana, alikuwa ameketi kitandani akiukumbatia mkono wa mama, saa ikiwa bado imefungwa hapo na kuwaka.

"Musimufunike," alisema. "Muangalie. Septante-quatre. Mutu wa kufa hana septante-quatre."

Jirani mmoja akatoka mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilipiga magoti nikatega sikio kifuani kwa mama. Kulikuwa kimya, na shavu lake lilikuwa baridi.

Nikamvua saa. Juu ya kabati kulikuwa na icyansi, chombo kidogo cha mti cha maziwa ambacho mama alikibeba yeye na baba walipokimbia kutoka Masisi, wakiacha ng'ombe wote nyuma. Hakikuwa kimeguswa na maziwa miaka mingi. Nikaifunga saa shingoni mwa chombo hicho, ukanda ukafika kwa shida. Taa ya kijani ikawaka. Tukasubiri, pasta, baba na mimi.

Septante-six. Kioo kiliandika 76.

Baba alikitazama kile chombo. Kisha akaulaza mkono wa mama taratibu na kumpisha pasta na shuka yake. Nikadhani la kuumiza zaidi limepita.

"Charline," akaniita. "Asubuhi, ile ulimuonyesha mama, ilikuwa hii hii?"

"Ni hii, papa."

Hakunipiga wala hakunitukana. Alivaa kofia yake, akatoka kumwambia dereva aliyeletwa na jirani arudi alikotoka.